Kadi ya Picha Iliyoungua Nyumbani Kwetu

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa pili, mwaka 2024. Nilitoka zamu ya mchana nimechoka, miguu imevimba, nikafungua mlango wa nyumba yetu hapa Morogoro nikakutana na harufu. Muuguzi anaijua harufu ya kitu kilichoungua hata kabla hajaona moshi. Kompyuta yetu hukaa sebuleni, kando ya kabati la vyombo, na wakati huo ilikuwa imepambwa kwa kitambaa cha rangi ya waridi nilichokifuma mwenyewe. Kioo chake kilikuwa cheusi. Mwanangu wa kwanza, kijana wa miaka 17, alikuwa amesimama mbele yake mikono ameiweka kichwani.

Akina mama wenzangu, sikuuliza. Niliweka mkoba chini nikasema kwa sauti ya kusikika hadi uani: "Si nilikuambia! Michezo yako ya mpira usiku kucha, sasa umeiunguza kompyuta ya baba yako!" Wadogo zake wawili walikuwa mezani wakila. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alikuwa mlangoni. Kijana akanitazama, akasema, "Sawa, mama," akaingia chumbani.

Baba yao alikuwa Dodoma kikazi. Nilipompigia simu kumweleza hasara aliyotupatia mwanawe, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Lakini umemwuliza imekuwaje?" Nikamjibu kwamba hakuna cha kuuliza, harufu yenyewe inasema.

Niseme kidogo habari za kompyuta hiyo. Tuliinunua mtumba mwaka 2021, Dell OptiPlex 9020, lile sanduku la kusimama ambalo wengi wetu tunaliita sipiyu. Aliyetuuzia alikuwa ameichomeka kadi ya picha. Mimi sikujua hata kwamba kuna kitu cha namna hiyo. Kwa lugha ya nyumbani, ni kibao kinachochomekwa ndani ya sanduku, chenye chipu yake, kumbukumbu yake na feni yake, na kazi yake ni kuchora kila kinachoonekana kwenye kioo. Barua ya kawaida haimsumbui mtu kuichora. Video na michezo ndiyo mizigo mizito.

Mwanangu alikuwa amemaliza kidato cha nne Novemba 2023, akawa nyumbani akisubiri kwenda kidato cha tano mwezi wa saba. Katika miezi hiyo alijifunza kuhariri video. Kwaya ya vijana ya kanisani kwetu ilikuwa imerekodi nyimbo tatu za Pasaka, na yeye alikuwa ameahidi kuzikamilisha kabla ya tarehe 31 Machi. Pia alikuwa amepata kazi ndogo ndogo za video za harusi, fedha yake anaitunza kwenye simu kwa ajili ya godoro na vifaa vya shule. Haya yote niliyajua. Lakini usiku ule nilichokikumbuka ni michezo ya mpira tu.

Jumatatu nilimpelekea fundi wa karibu. Aliwasha, akazima, akafungua, akanusa, akasema, "Mama, kadi imekufa. Ninayo nyingine kubwa, gigabaiti 8, laki tatu na nusu nakufungia sasa hivi." Akaitoa mfukoni. Ilikuwa kadi kubwa kweli, ina feni mbili, imeandikwa Radeon RX 580. Mkobani nilikuwa na laki tatu, mgao wangu wa kikoba. Nikaanza kumbembeleza apunguze. Nilifurahi kusikia hiyo gigabaiti 8, maana ile ya zamani ilikuwa na mbili, na akili yangu iliniambia nane ni bora kuliko mbili kama vile kilo nane za unga zinavyozidi kilo mbili.

Akakataa kupunguza. Nikaichukua ile iliyokufa kwenye mfuko wa karatasi, nikabeba na sanduku langu, nikarudi nyumbani.

Jioni hiyo kijana alitoka chumbani, akachukua waya wa kioo bila kusema neno, akauchomeka kwenye tundu jingine la nyuma ya sanduku, lile la bluu lililo juu, sehemu ambayo hatujawahi kuigusa. Akawasha. Picha ikaja.

Nilishangaa. Kumbe prosesa nyingi zina uwezo wa picha ndani yake, ingawa si zote, na kadi ya kuchomeka ni nyongeza. Kadi mbovu ilipokwisha kutolewa, kompyuta ikajitegemea. Mama mwenzangu, kama kompyuta ya nyumbani kwako ni ya kuandika barua, kupiga hesabu za biashara na watoto kusomea, na kadi ya picha imekufa, jaribu hivyo kwanza kabla hujafungua pochi. Huenda usinunue kitu chochote. Sisi tungeishia hapo, lakini kijana alipofungua nyimbo za kwaya, picha ilikuwa inaruka na kukwama kama mtu mwenye kwikwi. Alijaribu kwa siku tatu. Siku ya nne nikamwona amekaa tu, anatazama kioo, daftari mbele yake.

Alipokwenda kisimani nililifungua daftari lile. Sikupaswa, najua. Nilidhani nitakuta alama za michezo. Nikakuta jedwali amelipiga mistari kwa rula, majina ya kadi upande mmoja, na upande wa pili wati, kumbukumbu, matundu, bei. Juu kabisa aliandika kwa herufi kubwa: PAWA SAPLAI YETU WATI 290. HAINA WAYA WA ZIADA. Na chini: "Ile ya fundi haifai. Mama asipoteze hela yake."

Nilikaa na daftari lile mapajani mpaka aliporudi na ndoo. Nikamwomba anieleze, na akanieleza, kwa sauti ya chini, macho kwenye karatasi. Nilivyomwelewa ni hivi.

Kadi ya picha inakula umeme. Tundu inamochomekwa kwenye mazabodi hutoa wati zisizozidi 75. Kadi inayotaka zaidi ya hapo huletewa umeme kwa waya wa pembeni kutoka pawa saplai, na pawa saplai ya sanduku kama letu haina waya huo. RX 580 iliyotoka mwaka 2017 inahesabiwa wati 185 yenyewe peke yake. Ningelipa laki tatu na nusu, isingewaka, au fundi angeunganisha nyaya za kubahatisha na kutuachia hatari ndani ya nyumba yenye watoto. Ni sawa na kumpa mgonjwa dozi kwa kuangalia ukubwa wa chupa, bila kumpima uzito.

Tena kadi za namna ile zilitumika sana kuchimbia fedha za kidijiti. Zilikuwa zinawashwa mchana na usiku, miezi kwa miezi. Mwezi wa tisa mwaka 2022 mtandao wa Ethereum ulibadilisha utaratibu wake, uchimbaji wa namna hiyo ukakoma kwake, na kadi nyingi sana zikamwagwa kwenye masoko ya mitumba. Baadhi ni nzima kabisa. Nyingine zimechoka kama punda wa maji. Kwa kuitazama tu huwezi kutofautisha.

Basi tulibaki na kadi zinazotosheka na umeme wa tundu. Hapo nilidhani kazi imekwisha, tuchukue ya bei ndogo. Ya bei ndogo ilikuwa GT 1030, inayokula wati 30 tu. Kijana akatikisa kichwa. Kadi hiyo ilitoka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya kasi, halafu mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye jina lile lile na kumbukumbu ya polepole sana, na juu ya boksi mtu asiyejua haoni tofauti. Zaidi ya hayo haina ile sehemu maalum ya kufunga video, yaani kuibana na kuihifadhi baada ya kuhariri. Nikamwonyesha kwenye jedwali Radeon RX 6400 ya mwaka 2022, mpya zaidi, wati 53, gigabaiti 4. Hiyo nayo haina sehemu ya kufunga video, na kwa sababu inapitisha mawasiliano yake kwenye njia nne badala ya kumi na sita, katika kompyuta ya zamani kama yetu inapungua kasi. Nani angedhani? Mpya kuliko zote ndiyo isiyotufaa kwa kazi yetu.

Alikuwa ameizungushia duara GTX 1650. Ilitoka Aprili 2019, wati 75, gigabaiti 4, na ina sehemu ya kufunga video. Kando yake aliandika, "Angalia isiwe na tundu la waya juu," kwa maana watengenezaji wengine hutoa kadi ya jina hilo hilo inayodai waya wa ziada. Nikatoa futi yangu ya kushonea tukapima nafasi ndani ya sanduku, sentimita kwa sentimita. Huo ndio uliokuwa mchango wangu pekee.

Jumamosi ya pili ya Machi tulipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam. Nilibeba ile kadi iliyokufa katika mfuko wake wa karatasi, kwani nilikuwa na tumaini kwamba kuna atakayeifufua. Njiani hatukuongea sana. Alikuwa bado ananiitikia "ndiyo, mama" na "hapana, mama" tu, kama mpangaji.

Kariakoo mnaijua. Tuliingia duka la kwanza, muuzaji akatukaribisha kwa maneno matamu, akatoa boksi safi lililofungwa nailoni: GTX 1050 Ti, gigabaiti 4, laki moja na themanini. Mimi moyo uliruka. Bei nzuri, na tena ilikuwa na tundu la bluu kama la kioo chetu cha zamani. Kijana akanivuta kitenge. "Mama, chipu halisi ya jina hilo, ya mwaka 2016, haitoi picha kwa tundu la namna hii." Akamwomba muuzaji kwa adabu aichomeke kwenye kompyuta ya dukani. Alikuwa na programu inayoitwa GPU-Z kwenye flashi, ni ya bure, na tangu 2018 imeweza kutambua kadi za Nvidia zilizobadilishwa jina. Ilipofunguka, ikaonyesha alama ya tahadhari na neno la kusema kadi ni bandia. Ndani yake kulikuwa na chipu ya miaka mingi nyuma iliyofundishwa kusema uongo. Muuzaji akasema hata yeye ameletewa tu, akaikunja nailoni yake. Sikumgombeza. Ningelikuwa peke yangu ningeinunua na kumshukuru.

Duka la tatu lilikuwa la ghorofani, chumba kidogo, kijana mmoja wa makamo amezungukwa na mabodi. Nilimwambia tunataka GTX 1650 isiyo na tundu la waya. Alicheka, akasema siku hizi wateja wanakuja wamesoma. Kabla ya kutafuta akauliza, "Ya kwanza ilikufaje?"

Nikampa mfuko. Akaitoa kadi, akafungua skrubu nne, akainua kile kifuniko cha feni. Chini yake, kati ya feni na yale mapezi ya kupozea, kulikuwa na kitu kama kipande cha blanketi. Vumbi lililoshikana, limekuwa tabaka nene. Akalibandua kwa kibano akaliinua kwenye mwanga. Lilikuwa la kijivu, lakini ndani yake mlijaa nyuzinyuzi za rangi ya waridi.

"Mama," akasema, "hii kompyuta mlikuwa mnaifunika?"

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa amegeukia dirishani, anaangalia magari chini, kana kwamba hakusikia. Ndipo nilipokumbuka. Mwaka uliotangulia, nilipoleta kitambaa kile kipya chenye kishada pande zote, kinachoning'inia mbele na nyuma, alikuwa amesema, "Mama, hapo ndipo inapovutia hewa." Nami nikajibu kwamba sebule yangu haiwezi kuwa kama karakana. Kila alipokikunja, nilikirudisha. Usiku ule wa harufu alijua. Aliposema "Sawa, mama," alijua.

Kazini mimi ndiye ninayewagombeza wauguzi wadogo wanaposukumiza mashine ya oksijeni ukutani. Ninawaambia: inavuta hewa ya chumba, ipeni nafasi, safisheni chujio. Nimelisema hilo mara ngapi, sijui. Na katika kikundi cha akina mama, mwezi ule ule wa Februari, mimi ndiye niliyeongoza somo la kibanzi na boriti.

"Ni mimi," nikamwambia yule fundi. "Mimi ndiye niliyeifunika. Huyu aliniambia."

Kijana hakugeuka, lakini nililiona sikio lake likiwa jekundu kama lilivyokuwa akiwa mdogo.

Fundi akatutolea GTX 1650 mbili za mtumba. Moja ilikuwa na tundu la waya, tukairudisha. Ya pili haikuwa nalo. Aliichomeka, tukaiendesha kwa kazi nzito kwa nusu saa nzima, mwanangu akiangalia joto: lilipanda hadi nyuzi 71 likatulia. Feni haikulia, picha haikuwa na madoa. Akatuandikia risiti yenye namba ya kadi na mwezi mmoja wa kurudisha ikiharibika. Laki mbili na sabini. Kadi hiyo haikuwa na tundu la bluu, kwa hiyo tukaongeza elfu kumi na mbili kwa kiunganishi cha kubadilisha picha kwa ajili ya kioo chetu cha zamani. Hilo ni jambo la kuuliza mapema, maana waweza kufika nyumbani na kadi nzuri isiyo na mahali pa kuingizia waya wako.

Ndani ya basi, tulipopita Chalinze, nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi, yote yakapotea. Nilisema, "Mwanangu, nilikuonea, na nilikuonea mbele za watu." Akasema, "Yameisha, mama." Nikamwambia hayajaisha, kwa sababu wadogo zako bado wanaamini wewe ndiye uliyeiunguza. Akanyamaza. Halafu akaniuliza kama nina njaa, akanunua mahindi ya kuchoma dirishani kwa fedha yake mwenyewe.

Jioni hiyo, kabla ya sala ya familia, niliwaita wote sebuleni. Baba yao alikuwa amerudi. Nilikitoa kile kitambaa mezani nikawaeleza kilichotokea, tangu mwanzo mpaka lile blanketi la vumbi. Binti yangu mdogo aliuliza, "Kwa hiyo kaka hakuharibu?" Nikasema hakuharibu. "Basi wewe mama ndiye uliyeharibu." Nikasema ndiyo. Baba yao akakohoa akatazama dari, nami nilijua anazuia kicheko, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili mwanangu akacheka naye. Kesho yake nilimpelekea jirani chumvi ambayo hakuiomba, nikamweleza na yeye.

Nyimbo za kwaya zilikamilika Alhamisi Kuu. Sikuzielewa zile rangi alizokuwa akizibadilisha usiku, lakini niliona zinapita kwenye kioo bila kukwama, na nikaenda kulala bila kumwambia azime.

Mwezi wa saba alikwenda shule na godoro lake. Kabla ya kuondoka alibandika karatasi ubavuni mwa sanduku, amepiga mistari kama chati zetu za wodini: tarehe, nani amepuliza vumbi, feni inazunguka au la. Alinionyesha skrubu ipi ya kuanza, akaniambia nichomoe waya wa umeme kwanza, na kwamba nizuie feni kwa kidole ninapopuliza isizunguke ovyo. Kitambaa cha waridi sasa kiko juu ya kochi. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi ninachukua brashi ndogo, ninafungua, ninapuliza, ninaandika tarehe na kuweka sahihi. Mwezi uliopita nilichelewa siku tatu, naye alipopata simu ya mwalimu kutupigia, hilo ndilo alilouliza kwanza.